Skeli ya Shaibu

Kijana wa mipango miji aliikunjua ramani
kwenye meza ya ofisi ya mtaa, akaibana pembe zake:
hapa simu, hapa muhuri, hapa kopo la kalamu.
Pembe ya nne ikakosa kitu.
Akaniomba niweke mkono.

Ndivyo nilivyoanza kuishika Mtwara.

"Moja kwa elfu mbili na mia tano," akasema.
"Sentimita moja hapa, mama, ni mita ishirini na tano kule nje."
Mkono wangu una kovu la mafuta ya ganda la korosho,
miaka kumi na mmoja ya kubangua.
Kovu likaangukia mtaa wetu,
likaufunika wote,
kuanzia kisimani hadi maegesho ya malori.

Akapima kwa rula toka kwangu hadi zahanati.
"Mita mia sita na hamsini. Mmebahatika, ni karibu."

Mwanangu, mimi sina rula. Nina Shaibu.
Ana miaka saba na kifua kinachopiga mluzi
malori ya makaa yakipanga foleni kwenda bandarini,
siku ambazo kanga nyeupe huanuliwa ya kijivu.
Kwa kifua cha Shaibu, karibu yako ina vituo sita.

Cha kwanza ni gogo la Bi Nandonde, muuza ming'oko.
Tunakaa hapo mpaka mluzi upungue,
naye humpa mtoto kipande, hataki hela.
Cha pili hakina hata gogo. Anachuchumaa juani.
Palikuwa na mkungu, ukakatwa kupisha nguzo ya umeme,
na kivuli cha nguzo
hakitoshi hata mgongo wa mtoto.

Cha tatu ni mtaro.
Umechimbwa vizuri, sikatai, kina chake kinanifika kiunoni.
Aliyeuchora alikumbuka maji yapite.
Sisi akatusahau.
Mimi nambeba Shaibu mgongoni, naruka.
Mzee Nampoto, na kile kibaiskeli chake cha magurudumu matatu,
hajavuka tangu Mfungo Mosi.
Dawa zake za presha huletewa na mjukuu,
mjukuu akikumbuka.

Vilivyobaki sikuhesabii.
Kimoja sikipendi: ndipo Mwajabu alipolala mchangani
akisubiri bodaboda, na mtoto hakusubiri.
Yu hai, alhamdulillahi. Wenzake wanamwita Zege,
kwa kuwa asubuhi ile, ng'ambo ya barabara,
zege la ukuta wa ghala lilikuwa linamwagwa.
Zege lilikuwepo, basi.

Kijana akanyamaza. Akazungusha kalamu.
"Lakini mama, zahanati haihamishiki."

Nani kasema ihame?
Nimesema mbao nne juu ya mtaro, pana, za kupita gurudumu.
Nimesema mkungu, na mtu wa kuumwagilia.
Nimesema malori yakasubiri upande ule
ambao upepo ukivuma, vumbi linakwenda kwa samaki
wala haliingii kitandani mwangu.
Na samaki nao, Mungu anisamehe.

"Andika basi," nikamwambia. "Skeli yako iache palepale.
Chini yake weka ya Shaibu:
sentimita moja, pumzi ishirini,
na mbili kati ya hizo hazikuja."

Akacheka kidogo. Kisha hakucheka.
Akaandika, kwa penseli; wino ulikuwepo, niliuona.
Nikaona kazi imekwisha, nina korosho zinaningoja,
nikainua mkono.

Pembe ikajikunja yenyewe, pole pole,
ikaumeza mtaa wetu, kisima, mtaro, gogo na yote.

"Shikilia kidogo, mama," akasema. "Sijamaliza."

Nikashikilia.