Maharagwe Thelathini na Mawili

Tarehe mbili, jioni, Nyalenda. Mvua imekwisha
ila bati halijapata habari, bado linadondosha.
Odindo anamwaga maharagwe ya nyayo mezani,
yale niliyoyachagua mawe asubuhi,
anayahesabu kwa ukucha wa kidole gumba:
kumi na tisa, jasho lake la kiwandani,
kumi na matatu, cherehani yangu.
Kila moja elfu. Thelathini na mawili.
Nyumba nzima ingeenea kwenye kisahani cha kikombe.

"Tuanze na akiba," anasema,
na kabla sijaketi amevuta manane upande wake.
Robo. Ameisikia redioni
kwa mtu mwenye sauti laini, sauti isiyodaiwa kodi.
"Akiba haiozi, Apondi."
Haiozi, ndiyo. Wala watoto hawaitafuni.

Nami nagawa.
Saba ya mwenye nyumba, anayebisha mlango kwa ufunguo.
Matano shule.
Kumi tumbo: unga, mafuta, sukari, na omena wa Kibuye,
gorogoro ni ileile
ila kitako kimegongwa kikaingia ndani.
Mawili nauli. Mawili maji na umeme.
Mawili Ugenya, kwa mama yake asiyeomba kamwe,
hupiga simu tu kuuliza kama tumeshiba.
Hayo ni ishirini na manane.
Mbele yangu yapo ishirini na manne.
Ninayoyakosa yamo chini ya kiganja chake.

"Haba na haba," anaanza.
"Hujaza kibaba kisichotoboka," namalizia.
"Chetu kina tundu, na tundu hilo hubadilisha jina:
Machi liliitwa mazishi ya ami yako,
Mei, jino la Adhis,
Julai, pikipiki ya ndugu yako
ambayo hadi leo hatujaipanda."

Hajibu. Ananyanyua kiganja.
Yale manane yameshika jasho, yanang'aa
kama yaliyochemshwa yakaepuliwa mapema.
Kisha anasema, kwa sauti yake, si ya redio:
"Mwaka ule walipofunga geti la kiwanda
ulivua pete, ukaniambia inakubana."

Sikujua kwamba alijua.

Tunaanza upya. Anasukuma manne upande wangu.
Anataka kutoa na moja la nauli, atatembea, anasema,
njia ya reli ni fupi.
Namwonyesha viatu vyake pale mlangoni:
"Hivyo vitaila elfu hiyo kabla ya Desemba."
Katika manne yake, moja tunaliita matanga,
maana simu ya usiku wa manane haiulizi tarehe.
Yanabaki matatu.
Anaandika daftarini: akiba, 3,
anaipigia mstari, kama mtu anayefunga mlango polepole.

Adhis anaacha hesabu zake za shule, anakuja kwenye hizi zetu.
"Langu ni lipi?"
"Lile la shule," nasema.
"Hilo ni la mwalimu."
"La chakula basi."
"Hilo ni la kila mtu."
Tunatazamana, baba yake na mimi.
Mtoto anaokota moja, katika yale matatu,
analitia mfukoni mwa sare, anakwenda kulala.

Odindo anafuta tatu, anaandika mbili.
Halafu anacheka, cheko la kwanza tangu mshahara uingie.
Mengine yote nayaloweka.
Kesho tutayala, kodi na nauli na Ugenya,
kwa kitunguu kimoja.

Jumamosi, nikifua sare, nimelikuta:
limevimba, ganda limechanika pembeni.
Nimelianika dirishani.
Elfu yake nimeishona ndani ya pindo la pazia,
mshono mdogo, uzi wa rangi ileile.
Sijamwambia Odindo.
Kila asubuhi hulivuta pazia hilo atazame mawingu ya ziwani,
na siku hizi, au ni macho yangu,
hulivuta taratibu.