Maji Niliyoyashonea Nguo

Jumamosi, saa moja na nusu, bwawa la Shangani
wanatufungulia sisi kabla ya wenye kulipa.
Ukutani kanuni zimeandikwa kwa rangi ya bluu.
Moja, oga kwanza, toa mafuta mwilini.
Mbili, usikimbie, sakafu ina utelezi.
Tatu, mwenye kidonda kibichi akae nje.
Nne, mtoto asiingie bila mtu mzima.
Tano, filimbi ikilia, tokeni wote.
Sita, kanga haziruhusiwi majini.
Ya saba imeliwa na chumvi. Limebaki "usi-",
na kila mtu anaimalizia anavyojua.

Hiyo ya sita ndiyo iliyonipeleka kwa fundi Mnaunje.
Alinipima macho kayatupa barabarani, kwa adabu,
akauliza, "Mama Somoe, harusi ya nani?"
Nikamwambia ya kuogelea. Pini zikamdondoka mdomoni.
Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo yaoge.
Mimi haya nimeyashonea:
suruali, mikono mirefu, kilemba cha kubana,
elfu kumi na nane, nusu nikalipa kwa korosho.

Nina miaka hamsini na tisa. Nimezaliwa Mikindani,
hatua arobaini kutoka majini, na sijui kuogelea.
Msicheke.
Sisi wanawake tulipewa bahari ya maji kupwa:
inama, okota chaza, mchokoe pweza shimoni,
yakianza kujaa, beba ndoo, rudi.
Bahari yangu iliishia magotini.
Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa ya kaka zangu,
na mmoja wao, Likapa, haikumrudisha.

Mwalimu Nachundwa ni binti ninayeweza kumzaa.
Hasemi "usiogope."
Anasema, "Pulizia majini, Mama, kama unapoza uji."
Nimepoza uji wiki tatu.
Kulia kwangu Mzee Chilumba, dereva mstaafu wa malori,
kaushika ukingo kama usukani kwenye mteremko.
Kushoto, mjukuu wangu Siwema, miaka minane,
aliyeelea siku ya kwanza na sasa ananisahihisha:
"Bibi, kiuno juu! Unazama kwa sababu unafikiria."
Nisipofikiria nifanye nini?
"Lala."

Leo nimelala.
Kiganja cha mwalimu chini ya mgongo,
kisha vidole viwili,
kisha sijui.
Masikio yakaingia majini na mji ukazimika,
pikipiki, jenereta ya jirani, hata Siwema.
Nikabaki na mapigo yangu
na wingu moja la kipuuzi, limekaa kama mkate wa kumimina.
Maji yalinibeba bila kuniuliza mtoto wa nani.
Na Likapa akanijia, mara hii hazami:
amelala hivi hivi, miaka kumi na sita,
amefumba macho kwa ukali wa jua.

Filimbi ililia. Kanuni ya tano.
Wanasema ililia mara mbili.
Masikio yalikuwa chini, ndivyo nilivyomwambia mwalimu.

Nilipotoka, suruali nzima ikichuruzika,
Siwema alinisubiri pale ukutani,
kidole kwenye ile "usi-".
"Bibi, leo wewe unaimaliziaje?"
Nikamwambia aniletee kandambili kwanza.