Sekunde Nne

Miaka kumi na mmoja nimelipita lile shamba,
nikiwa mbele kabisa, mkono juu ya breki.
Zamani lilikuwa miiba na mawe meusi,
ukuta mfupi uliopangwa bila saruji,
na kangaruu waliosimama wima kama mashahidi
wakingoja nipite ndipo waendelee kula.

Kisha vikaja vigingi vyenye utepe wa waridi.
Kisha matingatinga. Bandu bandu:
wiki hii mtaro, wiki ijayo nguzo ya taa
inayomulika barabara isiyo na mtu.
Ubao ukasimikwa, familia nzima imejaa meno,
na chini yao: DAKIKA SITA KUTOKA STESHENI.
Nilicheka peke yangu chumbani mwa dereva.
Dakika sita kwa nani?
Kwa mbwa anayefukuzwa, labda.
Kangaruu walihamia ng'ambo ya reli,
halafu mwaka mmoja sikuwaona tena.

Leo nimekuja kwa miguu, Jumamosi,
na viatu vya harusini,
na Trajche anagonga kuta kwa kifundo cha kidole
kama daktari anayesikiliza kifua.
Miaka thelathini alipiga lipu nyumba za watu
kaskazini yote ya Melbourne, mpaka mgongo ukamgomea.
"Hapa wameharakisha," anasema. "Na hapa."
Lakini alipofika jikoni kanyamaza,
nami namjua: akinyamaza, amependa.

Dalali ni kijana, Jaskaran, tai nyembamba.
Anatueleza habari za treni.
Eti ya asubuhi ni tulivu.
Eti ya Jumapili alfajiri hata haisikiki.
Haisikiki kwa kuwa haipo, mwanangu, nikasema moyoni.
Ametuita saa nne na nusu, katikati ya treni mbili;
ningekuwa yeye ningefanya vilevile.
Ila ya saa nne na dakika kumi na mbili imechelewa,
na tukiwa tunapima upana wa friji
glasi za maonyesho zikaanza kutetemeka kabatini
kama watoto waliotoka kuogelea.

Jaskaran akakohoa, akafungua droo, akaifunga.
"Mabehewa sita," nikasema.
"La tatu, gurudumu moja limelika upande."
Hapo ndipo akaniuliza kwa adabu
mama unafanya kazi gani.

Benki imetupa miaka ishirini na mitano.
Nitamaliza nikiwa na sabini na minane,
na sitamaliza.
Trajche alitia saini herufi moja moja,
kama mtu anayelipa kwa sarafu.
Wanetu walituma picha za vidole gumba.
Kule Thomastown tuliacha mti wa ndimu wa mwenye nyumba,
ambao tuliumwagilia miaka kumi na tisa.

Jumatatu. Saa kumi na mbili na dakika nane, giza bado,
baridi ya Juni imeganda juu ya kokoto.
Tulikuwa tumepatana asimame dirishani.
Honi hairuhusiwi pale; watu wamelala,
nami siku hizi ni mmoja wa watu.
Paa, paa, bwawa la maji ya mvua,
paa, uzio wetu usio na rangi,
na nyumba yote pamoja na deni lake
ikapita kwa sekunde nne.

Taa ilikuwa inawaka. Yeye hakuwepo.

Nilibeba dirisha lile tupu hadi mjini,
nikafungua milango, nikafunga milango,
nikalirudisha nalo jioni.

Alikuwa chini ya sinki, alisema,
bomba limeanza kuvuja siku ya tatu tu,
kalala chali, maji yanamwingia mkononi mwa shati.
Alinisikia nikija toka mbali, kwenye daraja.
Hakuweza kuinuka kwa wakati,
basi akanyanyua spana.