Bomba la Jikoni, Riga

Kabla ya kushika spana, Ansis, funga koki kuu.
Mimi sikuifunga, mara yangu ya kwanza:
maji yalirukia dari, kisha yakashuka
hadi kwa Bwana Strazds wa chini,
yakamkuta na supu yake mezani.

Ziba tundu la sinki kwa kitambaa.
Skrubu ina akili ya panya.
Kila unachokifungua kilaze juu ya gazeti
kwa zamu yake, kama abiria wa tramu yangu
walivyojipanga asubuhi za barafu.

Usilazimishe. Chuma kikigoma
kipake siki, kanywe chai, urudi.

Mkosaji ni huyu: kiduara cha mpira,
kimekauka, kina ufa,
na bei yake haifiki ya mkate.

Umekaza? Fungulia maji. Polepole.

Sasa sikiliza.
Miezi mitatu tone lile limekuhesabia usiku,
na leo kimya,
kimya hata theluji inasikika
ikiteleza juu ya bati,
hata linasikika bomba la juu, kwa Bi Vizma:

tone.

Tone.

Spana bado unayo mkononi.
Panda.