Silabi kwa Sekunde

Chumba namba nne, hospitali ya Tacuarembó,
Jumanne ya mvua, hita inanuka vumbi lililoungua.
Anselmo Etcheverry amevua kofia, ameiweka gotini,
na mkono wake wa kulia unaitikisa
kama anayepepeta kitu kisichokwisha makapi.

"Soma aya hii," namwambia, "kwa mwendo wako wa kawaida."
Ni ileile ninayompa kila mtu:
bibi mmoja, bustani yake, jogoo asiyejua saa.
Silabi tisini na sita. Nilizihesabu mwenyewe
usiku mmoja, kwa penseli, kama karani wa ghala.

Anasoma.
Sauti inatoka nyembamba, haina kilima wala bonde.
Maneno yanasukumana kidogo mlangoni, kisha yanapita.
Anaponyamaza, kompyuta inakikata kile kimya
na kukiweka kando.
Kimya kina safu yake.

Sekunde kumi na tisa na nukta mbili. Nagawa.
Tano.
Kwenye chati, tano imeketi katikati ya ukanda wa kijani.
Naandika: *kawaida*.

"Umeandika nini?" anauliza Nélida, mkewe.
Namwambia. Anacheka
cheko kavu la mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Binti, huyu alikuwa dalali wa ng'ombe."

Anafungua mkoba. Leso, funguo, kaseti.
Nakimbilia getini kuazima redio ya Wáshington, mlinzi,
ambaye anasema nisichelewe nayo, leo kuna mechi.

Kwanza mkwaruzo, mbwa, watu wengi. Halafu yeye:

*Nataja arobaini, nani mbili anatia?*
*Mbili ipo ukutani, yule bwana wa kofia,*
*Tatu ipo uwanjani, nne hapo, nasikia,*
*Fahali huyu jamani, nyundo hii inalia!*

Pumzi moja.
Silabi sitini na nne, sekunde saba.
Narudisha kaseti, napima tena: tisa na ushee.
Ng'ombe wakipanda mizani ya chuma kule nyuma,
naye mbele, juu ya ubao, ana mizani yake mdomoni,
na hakuna hata moja iliyopunjwa.

Natazama fomu. Ina umri, dawa, saa ya dozi ya mwisho.
Haina mahali pa kuuliza: *kawaida ya nani?*

Nélida anaangalia dirisha.
Anselmo anaangalia redio
kama mtu anayemtambua jirani wa zamani na kusita kumwita.
Kisha midomo inaanza kutafuta njia, na sisi tunangoja,
tunangoja,

"Yule fahali," anasema, "alikuwa mgonjwa."

Nélida anageuka. "Anselmo! Uliniapia!"
Na bega lake linatikisika, safari hii
si kwa ugonjwa.

Sikuwa nimebonyeza saa.
Nafuta *kawaida*, naandika pembeni, kwa herufi ndogo,
*tisa, sasa tano,*
na Wáshington anabisha mlango, anataka redio yake.