Nepi ya Kumi na Mbili

Zilikuwa kumi na mbili. Nilizikata mwenyewe
kutoka shuka mbili za flaneli za Gikomba,
nikazipinda ukingo kwa uzi mwekundu
kwa kuwa mweupe ulikuwa umeisha dukani
na tumbo langu halikuwa na muda wa kungoja uzi.

Julai ile, Pipeline, ghorofa ya sita,
maji yalikuja Jumanne usiku, yakiamua kuja.
Unasikia mfereji ukikohoa, unaruka kitandani,
unapanga mitungi mlangoni, mikubwa kwa midogo,
na Kwamboka mgongoni hajui kama ni usiku.

Ya kinyesi haichanganywi na ya mkojo.
Unaikung'uta chooni, unaisugua kwa mswaki
uliowahi kuwa wa Makori
(aliutafuta wiki nzima; mimi kimya),
kisha ndoo yenye kifuniko, maji baridi.
Baridi! Ya moto hulipika doa,
na doa likishapikwa ni mpangaji, halihami.
Asubuhi, sabuni ya kipande, kidogo tu:
inayobaki kitambaani, mtoto atailipia kwa ngozi.
Suuza. Suuza tena.
Maji ya tatu yakiwa na povu bado, suuza.
Na hayo ya tatu hayamwagwi:
yatapiga deki, kisha yatasukuma choo.
Tone la maji kwetu hufa mara tatu.

Halafu paa.
Muthengi, mwangalizi wa ploti, alitoa amri:
kila nyumba kamba moja, na asisikie kelele.
Yangu ilipita kati ya sare za askari wa benki
na mapazia ya mtu nisiyemjua kwa sura,
namjua kwa mapazia.
Jua la Julai lilichungulia saa saba, likaghairi.
Nepi zilikaa siku mbili juu kule
zikishika harufu ya makaa na ya mvua isiyonyesha.

Alhamisi nikaanua kumi na moja.

Nikahesabu tena, nikizigusa mojamoja.
Nikasema ni upepo.
Lakini upepo gani huu
unaofungua kibanio, unachukua kitambaa,
kisha unakirudisha kibanio kwenye kamba, wima?

Nilishuka na maneno.
Ghorofa ya tano nilikuwa na manne, makali.
Ya nne nikaongeza la mama yake mtu.
Ya tatu, mlango wa Mama Mumo ulikuwa wazi
na uzi wangu mwekundu ulikuwa umelala kitandani
kiunoni pa mtoto wa siku tisa.

Ndani, kamba kutoka dirishani hadi msumari:
mkono wa shati, foronya, nusu ya leso,
vyote vinatona kwenye sufuria.
Yeye ameketi upande, ameshika mshono wa tumbo.
Nyuma ya pazia, miguu miwili ya Mumo, ndala tofauti.
"Nilimtuma aone kama zimekauka," alisema.
Akanyamaza kidogo.
"Zetu hazikuwa zimekauka."

Maneno yalikuwa bado mdomoni, yote matano.
Nikaona povu kwenye sufuria.
"Unasuuza mara ngapi?"
"Mara moja. Maji, dada."
"Tatu," nikasema, nikapandisha mikono ya sweta,
nikamtuma Mumo ghorofa ya sita
akalete mtungi wa bluu, si ule mkubwa.

Sasa Kwamboka anavaa kaptura, anakojoa anapotaka.
Nepi nimezianika siku tatu za Januari, jua lenyewe,
kwa sababu unyevu kidogo tu ukifungiwa huzaa ukungu.
Nimezikunja mara nne, nikazitia ndani ya foronya,
si mfuko wa plastiki, zinahitaji kupumua,
na kipande cha sabuni kavu katikati,
juu ya kabati, mbali na mende.
Zipo kumi na mbili.
Moja imeshonwa upya ukingo mmoja kwa uzi wa bluu,
mshono mzuri kuliko wangu, inaniudhi kidogo.

Makori huuliza tunamwekea nani.
Mimi huutazama mswaki wake mpya.