Korosho Namba Kumi na Saba

Jumamosi ya kwanza niliwasomea kanuni.
Dakika arobaini, nimesimama, kitabu mkononi:
nguvu ni hii, wepesi ni huu,
ukijeruhiwa toa hiki, jumlisha kile.
Mfaume akalala juu ya gunia.
Wawili wakasikia mpira nje, wakaomba kwenda kukojoa,
hawakurudi.
Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama, Newala.
Kupima najua.

Jumamosi ya pili kitabu nilikiacha nyumbani.
Ukungu wa Juni ulikuwa umefika mlangoni,
nikautumia huohuo:
Mmeshuka bondeni alfajiri, kila mtu na ndoo yake.
Kisimani kuna joka.
Mnafanya nini?

Kimya.
Siwema akanyoosha kidole kama yuko darasani:
"Jibu lake ni lipi?"
Sina.
"Sasa utasahihishaje?"
Sisahihishi.
Wakatazamana
kama watu waliorudishiwa chenji iliyozidi.

Ni Dadi, mjukuu wa mchonga vinyago, aliyetuokoa.
"Ni kama lipiko," alisema.
"Tunajua mle ndani ni mjomba,
miguu yake tunaijua, kovu la jembe tunalijua,
na bado tunakimbia."
Maneno hayo niliyatafuta wiki nzima,
kumbe yamekaa juu ya debe
yanapangusa kamasi.

Wahusika tuliwaandika nyuma ya stakabadhi za msimu uliopita.
Mbele: kilo mia mbili na tatu, daraja la kwanza.
Nyuma: Mfaume, Mfalme wa Mapango Saba,
anaogopa bata.

Dadu la pande ishirini halijawahi kupanda mlima huu.
Tuliandika namba kwenye korosho ishirini,
tukazitia ndani ya soksi yangu ya kushoto
(imefuliwa, niliapa).
Sasa zimebaki kumi na tisa:
Mfaume aliibanika kumi na saba, akaila.
Tangu hapo katika dunia yetu
hakuna shujaa anayepata kumi na saba,
na wachawi wa kaskazini bado wanajadili sababu.

Somoe alikuwa haongei.
Wiki tatu alikuwa mpishi asiye na jina, nyuma ya wenzake.
Nilimsukuma, akazidi kujikunja;
nikaacha, nikawa namuuliza vitu vidogo.
Ndoo yako rangi gani?
"Bluu."
Nzima?
"Ina ufa."
Nikaandika.

Wiki ya nne Mfaume akachomoa upanga,
na Somoe, macho sakafuni, akasema:
"Namuuliza joka yuko foleni tangu saa ngapi."

Kitabu hakina ukurasa huo.
Nikamsogezea soksi.
Akatoa mbili.

Mbili ni kushindwa, na zamani ningesema hivyo:
umeshindwa, anayefuata.
Lakini mtoto aliyefungua mdomo mara moja
humfungii mlango kwa korosho.
Joka likageuka, nikasema, taratibu, macho mekundu.
Tangu juzi, likasema.
Na ndoo yangu imeibwa.
Ya bluu.
Ina ufa.

Ghala zima lilisimama.
Siwema alimshika Somoe mkono, wa kweli,
Dadi akaanza kuapa kwa niaba ya kijiji,
na Somoe, yule asiyeongea,
alisema uongo mtamu kwa dakika kumi mfululizo
bila kukosea hata jina la shangazi aliyemzushia.

Sasa msimu umefunguliwa, sina tena Jumamosi.
Magunia yamefika darini, wakulima wapo mstarini,
wananitazama kidole nisije nikaegemea mizani.
Nyuma ya ukuta Somoe ana watoto watano wapya
na soksi yangu.
Nasikia kisauti: "Dada, jibu lake ni lipi?"
Jiwe la mizani likabaki mkononi mwangu.
Mzee wa gunia akakohoa.
Somoe hakujibu.
Alinyamaza, akakiacha kimya kikae, kikanyooshe miguu,
mpaka kisauti kilekile kikasema,
"Basi... mimi nabisha hodi."